Java au .NET? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasanidi Programu wa Arusha na Moshi

Maswali haya huulizwa na wahitimu wa vyuo vya Arusha na Moshi, na wakati mwingine na watu wenye miaka kumi kazini, kila matangazo ya ajira yanapobadilika sura. Majibu yanahusu zaidi ushindani wa majukwaa mawili makubwa ya kutengenezea mifumo ya ofisi, yaani Java na .NET, kwa sababu ndiyo yanayowasumbua wengi. Mengine yanaguswa pale tu yanapoingilia. Anayejibu ameandika mifumo kwa majukwaa yote mawili, na amewahi kula hasara kwa kuchagua vibaya, kama itakavyoonekana huko mbele.

Mwaka jana matangazo mengi yalitaka Java, mwaka huu yanataka .NET. Je, Java inakufa?

Hapana. Tangazo la kazi halipimi ukubwa wa jukwaa. Linapima nafasi iliyo wazi. Chukulia benki yenye wasanidi thelathini wa Java ambao wameridhika na hawaondoki: haitatoa tangazo hata moja kwa miaka mitatu. Sasa chukulia kampuni yenye wasanidi wawili wa .NET wanaokimbia kila baada ya miezi sita kwa sababu mshahara unachelewa: itatoa matangazo manne kwa mwaka, na anayehesabu matangazo ataamini kwamba .NET inashinda.

Isitoshe, soko la Kaskazini ni dogo. Katika mji ambao nafasi za usanidi zinazotangazwa hadharani kwa mwezi huweza kuhesabika kwa vidole, zabuni moja ambayo kampuni moja imeishinda inatosha kugeuza picha nzima. Tena tangazo lilelile husambazwa katika makundi ya WhatsApp wiki baada ya wiki, na kila linapoibuka upya huonekana kama kazi nyingine.

Basi ni kitu gani hasa kinachohamisha mahitaji kutoka jukwaa moja kwenda jingine?

Kwa sehemu kubwa ni tarehe. Kila toleo la jukwaa lina siku ambayo mtengenezaji wake ataacha kulitolea masasisho ya usalama, na taasisi inayoogopa wakaguzi haiwezi kuweka fedha za watu kwenye mfumo ambao matundu yake hayazibwi tena. Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, na zaidi miezi kadhaa baada yake, maana tunajijua kwa kungoja maji yafike shingoni, ofisi huanza kutafuta watu. Microsoft, mwenye .NET, iliacha kuhudumia .NET Framework, yaani .NET ya zamani, katika matoleo ya 4.5.2, 4.6 na 4.6.1 mwezi Aprili 2022. .NET 6 ilifikia mwisho wake Novemba 2024, na .NET 8 imepangiwa Novemba 2026. Upande wa pili, Oracle, mmiliki wa sasa wa Java, iliacha kutoa bure masasisho ya Java 8 kwa matumizi ya kibiashara Januari 2019. Kisha Spring Boot 3, toleo la kiunzi (msingi uliokwisha kuandikwa) cha kujengea mifumo ya Java, lililotoka Novemba 2022, ikakataa kuendeshwa na Java iliyo chini ya toleo la 17, na masasisho ya bure ya Spring Boot 2.7 yakakoma mwaka mmoja baadaye.

Tarehe peke yake, hata hivyo, huleta kazi ndani ya jukwaa lilelile. Ili mahitaji yavuke kwenda upande wa pili, lazima kuwe na kitu kigumu zaidi, nacho ni kazi ya kuandika upya. Mfano ulio wazi ni Web Forms, namna ya kutengeneza kurasa iliyotumika katika mifumo mingi ya .NET ya miaka ya 2000. Microsoft haikuivusha kwenda .NET mpya. Ofisi yenye mfumo wa namna hiyo ina njia mbili: kubaki na .NET Framework 4.8, ambayo itahudumiwa kadiri Windows inayoibeba inavyohudumiwa, au kuuandika mfumo upya. Siku mkurugenzi anapoelezwa kwamba hata akibaki kwa Microsoft atalipia kuandika upya, ndipo anapouliza kwa mara ya kwanza: kama gharama ni ileile, kwa nini tusiandike kwa kitu kingine?

Java nayo ilipitia jaribio la aina hiyo, ingawa lilikuwa jepesi zaidi. Oracle ilipoikabidhi Java EE, sehemu ya Java ya mifumo mikubwa ya ofisi, kwa taasisi ya Eclipse Foundation kuanzia mwaka 2017, pande hizo hazikukubaliana juu ya kuendelea kuliendeleza jina la javax lililotumika ndani ya msimbo, hivyo jina likabadilishwa kuwa jakarta. Kila faili lenye jina la zamani lilipaswa kuhaririwa, na kila maktaba ya msimbo iliyotegemewa ilipaswa kuhama pia. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini si ya kuandika upya, na kwa hiyo wengi walibaki ndani ya Java. Mahitaji huhama pale gharama ya kubaki inapokaribia gharama ya kuondoka. Siku nyingine zote ofisi hukaa ilipo, hata mijadala ya mtandaoni iwake kiasi gani.

Ushindani huu ulianzaje?

Sun Microsystems ilitangaza Java mwaka 1995 kwa ahadi kwamba programu ikiandikwa mara moja itaendeshwa kwenye mashine yoyote. Microsoft ilichukua leseni, ikatengeneza Java yake yenye vitu vinavyofanya kazi kwenye Windows tu, Sun ikaishtaki mwaka 1997, na shauri likaisha kwa makubaliano Januari 2001. Kufikia hapo Microsoft ilikuwa imekwisha kutangaza .NET, na toleo la kwanza likatoka mwaka 2002 pamoja na lugha ya C#, ambayo usanifu wake uliongozwa na Anders Hejlsberg. Ndiyo maana lugha hizi mbili zinafanana kama mapacha waliolelewa katika nyumba mbili zisizosalimiana.

Nimeambiwa .NET inaendeshwa kwenye Windows pekee. Ni kweli?

Ilikuwa hivyo, ukiacha jitihada za Mono, mradi wa kuiendesha .NET nje ya Windows, hadi Juni 2016, ilipotoka .NET Core 1.0 ikiwa na uwezo wa kuendeshwa kwenye Linux na macOS, na ikiwa na chanzo huria. Neno "Core" liliachwa katika .NET 5, Novemba 2020. Kwetu mabadiliko haya yana uzito wa pekee kwa sababu ya bei: msanidi wa Arusha anaweza leo kuuweka mfumo wa C# kwenye seva ndogo ya Linux ya kukodi, pamoja na kanzidata ya PostgreSQL isiyolipiwa, bila kumwomba mteja fedha za leseni ya Windows Server. Zamani, mazungumzo ya .NET na mwenye ofisi ndogo yalikuwa yakivunjika hapohapo kwenye leseni.

Na Java, ni kweli kwamba sasa inalipiwa?

Java yenyewe hailipiwi. Kinachoweza kulipiwa ni Java inayopakuliwa kutoka Oracle, kutegemea toleo na masharti yake. Januari 2023 Oracle ilianzisha usajili unaohesabu wafanyakazi wote wa taasisi, si wale tu wanaotumia Java, kwa hiyo hoteli inayohitaji usajili huo ingelipia hata wapishi na walinzi wa getini. Jibu la ofisi nyingi ni kuhamia matoleo mengine yanayotokana na OpenJDK, yaani Java ya chanzo huria, kama vile Eclipse Temurin au Amazon Corretto. Hata Microsoft, mshtakiwa wa mwaka 1997, sasa inatoa OpenJDK yake. Kuhama huku huwa ni kazi ya siku chache kwa anayeielewa, na ni kisingizio kizuri cha kijana kubisha hodi kwenye ofisi ambayo haijawahi kumfahamu.

Kwa Arusha na Moshi, nani hasa anaajiri, na anatumia nini?

Tuanze na utalii, kwa kuwa kila mtu huanza huko. Ofisi nyingi za kupandisha wageni mlimani na kuwapeleka hifadhini hazihitaji Java wala .NET. Zinahitaji tovuti, aghalabu ya WordPress, ambayo imeandikwa kwa PHP, na zinahitaji mtu wa kuunganisha fomu ya kuhifadhi nafasi na malipo ya kadi. Kazi ni nyingi, ila huja kwa mikataba midogo, na hutafutwa zaidi wakati wa masika, wageni wanapopungua na mwenye kampuni anapopata nafasi ya kukumbuka kwamba picha za tovuti yake ni za miaka mitano iliyopita. Hoteli kubwa hununua mfumo uliokwisha kuandikwa na kampuni ya nje, na fundi wa hapa huitwa kutengeneza ripoti na kuunganisha mfumo huo na uhasibu na risiti za EFD. Anayeijua SQL, lugha ya kanzidata, vizuri hula hapo kabla ya anayejua jukwaa lolote.

Afya ni mlango ambao vijana wa Moshi wanaupuuza bila sababu. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na Wizara ya Afya nchini, umeandikwa kwa Java. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaojulikana sana Afrika Mashariki, nao ni wa Java. Miradi ya utafiti na ya wafadhili inayozunguka hospitali za Kilimanjaro na Arusha hukutana na mifumo ya aina hii mara kwa mara, na matangazo yake hayaandiki "msanidi wa Java" kwenye kichwa cha habari. Huandika "afisa takwimu" au "mratibu wa mifumo", ndiyo maana wanaotafuta kwa jina la jukwaa hawayaoni.

Ushirika ni habari nyingine. Moshi ni mji wa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933, na wa Chuo Kikuu cha Ushirika, na pembeni yake wamejaa SACCOS wa kila ukubwa. Humo utakuta programu za mezani zilizoandikwa kwa Visual Basic 6, lugha ya mwaka 1998 ambayo zana zake ziliachwa kuhudumiwa mwaka 2008, zikiendelea kukokotoa riba za wanachama kana kwamba hakuna lililotokea. Wanaotaka kuhama huangalia vitu kama Apache Fineract, mfumo huria wa huduma za fedha ulioandikwa kwa Java, au humwomba fundi waliyemzoea awaandikie upya kwa C#, kwa sababu mwenye Visual Basic husikia kwamba C# ni ya nyumba ileile. Hapa uaminifu kwa fundi huamua jukwaa, na sioni ubaya wake.

Kwa upande wa Serikali, nafasi za Afisa TEHAMA hupitia Sekretarieti ya Ajira na husisitiza shahada na usaili, si jukwaa moja. Chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, viwango vya mifumo ya umma husimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, na mifumo mingi ya pamoja hutengenezwa mbali na halmashauri zinazoitumia; afisa wa Meru au Hai huhitaji kuielewa, kuiendesha na kuiunganisha. Mashirika ya kimataifa yaliyopo Arusha, kuanzia Jumuiya ya Afrika Mashariki, hutoa mikataba michache yenye masharti makali. Waliobaki hufanyia kazi kampuni za Dar es Salaam, Nairobi au Ulaya wakiwa nyumbani Njiro au Sakina, na huko ndiko ushindani wa Java na .NET unakoonekana katika ukali wake.

Nikiwa najua Java, inachukua muda gani kuhamia C#, au kinyume chake?

Kuisoma lugha ya pili ni suala la wiki. Zote mbili hugeuzwa kuwa msimbo wa kati unaoendeshwa na mashine pepe, zote husafisha kumbukumbu zenyewe, na mpangilio wa madarasa unafanana. Vinavyochukua miezi ni mazingira: viunzi vya Spring na Hibernate kwa huyu, ASP.NET Core na Entity Framework kwa yule, namna ya kuweka mfumo kwenye seva, na tabia za wenyeji wa kila jukwaa.

Hatari iko kwenye vinavyofanana mno. Katika C#, alama mbili za usawa zikiwekwa kati ya maneno mawili hulinganisha maandishi yake. Katika Java hulinganisha kama ni kitu kilekile kimoja kwenye kumbukumbu, na mgeni kutoka C# anaweza kuandika ukaguzi unaopita majaribio yote kisha ukakataa jina halali siku ya kazi. Katika fedha, C# ina aina ya decimal ndani ya lugha yenyewe, ilhali Java hutumia BigDecimal, ambayo kwa ulinganisho wake wa kawaida huona 2.0 na 2.00 kuwa tofauti. Wasailiwa wazuri hukwama hapo, na wasaili wanaojua kazi yao huuliza hapohapo.

Je, kuna aliyewahi kujifunza kitu kikafa mikononi mwake?

Mimi. Mwaka 2010 nilitumia msimu mzima wa masika kujifunza Silverlight, jukwaa la Microsoft lililotoka mwaka 2007 kwa ajili ya kuonesha vitu vyenye mwendo ndani ya kivinjari, kwa sababu ofisi moja mjini ilikuwa imeniahidi mradi wa ramani. Mradi haukuja, fedha za intaneti hazikurudi, na Silverlight yenyewe ikazikwa rasmi Oktoba 2021, miezi kumi baada ya Flash, mpinzani wake. Dalili zilikuwepo, laiti ningezitazama: simu nyingi hazikuibeba, na iPhone ilikwisha kukataa Flash tangu mwanzo. Kilichobaki ni C# na mazoea ya kutenganisha data na sura ya ukurasa, na hivyo ndivyo vilivyonipa kazi iliyofuata.

Kwa upande wa programu za simu, hali ikoje?

Inakwenda kasi zaidi, na tarehe zake ni kali zaidi. Google ilikubali rasmi lugha ya Kotlin kwa programu za Android mwaka 2017, na mwaka 2019 ikatangaza kwamba Android itaitanguliza Kotlin mbele ya Java. Xamarin, njia ya kuandika programu za simu kwa C# ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2016, iliacha kuhudumiwa Mei 2024, na nafasi yake kushikwa na .NET MAUI. Kwa mteja wa hapa anayetaka programu moja ya Android na iPhone kwa bajeti moja, ubishi umekuwa kati ya Flutter na React Native, zana za kuandika programu moja kwa simu za aina zote mbili. Ningemshauri anayeanza achague Kotlin au Flutter, kutegemea anayempa kazi. Akumbuke pia kwamba Google Play hupandisha kila mwaka kiwango cha chini cha Android kinacholengwa, hivyo programu iliyouzwa bila mkataba wa matunzo huwa deni la mtu.

PHP imepitwa na wakati?

Hapana. Imepitwa na sifa tu. PHP 7.4 iliachwa kuhudumiwa Novemba 2022, na tovuti ambazo bado zinaitumia ni kazi inayokusubiri.

Akili unde haitafanya maswali haya yote yasiwe na maana?

Imekwisha kupunguza uzito wa baadhi yake. Zana hizi hugeuza faili la Java kuwa C# kwa sekunde chache, na hivyo ukuta kati ya majukwaa umekuwa mfupi. Mwajiri ana sababu ndogo ya kumkataa mtu kwa kosa la kutoka upande wa pili. Lakini makosa niliyoyataja, ya ulinganisho na ya fedha, ndiyo hasa yanayoweza kupenya katika tafsiri ya mashine, kwa sababu msimbo unaonekana sahihi. Anayejua kwamba SACCOS fulani hukokotoa riba kwa salio linalopungua ndiye atakayeliona kosa.

Nina kompyuta mpakato dhaifu na bando la kubahatisha. Nianze na lipi?

Visual Studio kamili ni nzito kwa kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 4, na IntelliJ IDEA haina huruma zaidi. Tumia Visual Studio Code, ambayo ni ya bure na hubeba lugha zote mbili, na uendeshe kazi nyingine kwa mstari wa amri. Pakua SDK ya .NET au JDK ya Java, yaani vifurushi vya zana za usanidi, mara moja kwenye intaneti ya chuo, pamoja na maktaba za mradi wako, kwa kuwa Maven (ya Java) na NuGet (ya .NET), zana za kupakulia maktaba, huhifadhi nakala zilizokwisha kupakuliwa na unaweza kuendelea umeme wa mtaa na mtandao vikiwa vimekwenda pamoja.

Kwenye wasifu wa kazi niandikeje ili nisifungwe na jukwaa moja?

Usianze na orodha ya lugha. Anza na mfumo uliougusa: ulikuwa wa nani kwa aina yake, ulikuwa katika toleo lipi, uliufikisha toleo lipi, na ni kitu gani kilivunjika njiani. Sentensi kama "nilihamisha mfumo wa stoo kutoka .NET Framework 4.6.1 kwenda .NET 8, nikabadilisha kanzidata kutoka SQL Server kwenda PostgreSQL, na tofauti ya senti kwenye ripoti ya mwezi ilinichukua wiki mbili kuipata" humwambia msaili wa Java mambo mengi kuliko cheti cha Java. Weka pia tarehe za mwisho wa huduma za matoleo ambayo mwajiri anayatumia, kama unaweza kuyatambua kutoka kwenye tangazo lake. Tangazo linalotaja Spring Boot 2 leo linakuambia kazi ya miezi yako sita ya kwanza hata kabla hujaitwa kwenye usaili.